Stesheni za Papa

Dada Yasmine,

Huku Bukavu mvua haiachi, umeme hakuna, tuko tu.

Ile karte ya metro ya Taipei uliyotuma toka huko, yenye majina ya stesheni, niliifanyia fotokopi nikaibandika juu ya kitanda cha papa wetu. Hawezi tena kutoka kitandani. Siku ile ulimuambia kwa simu uko ndani ya treni, yeye alisikia kwamba unarudi. Kila asubuhi anauliza: "Mutoto amefika wapi?" Nilichoka kumuambia haurudi, nikaanza kumusomea stesheni, moja kila siku.

Jana nilimusomea ya mwisho. Leo amekataa hata chai. "Mumuwekee kwanza maji ya kuoga. Atafika na uchovu."

Maji iko motoni, Yasmine. Nimuambie nini?

Kaka yako,
Atumani