Mwaridi wa Elikia

Likasi, mwezi wa kumi

Kwako yaya Colette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Je, umepona ile homa? Na watoto hapo Mulungwishi wanaendeleaje na masomo? Sisi tunapumua, mvua ya kwanza imeshanyesha.

Uliniuliza habari za mwaridi ulio mlangoni, ule tuliopanda wiki aliyozaliwa Elikia. Tangu tumzike mtoto, baba yake, Jean-Claude, alikataa usiguswe. Alisema matawi yale Elikia aliyashika kwa mikono yake. Basi ukarefuka ovyo, ukajaa matawi makavu, miiba ikararua nguo za wageni, na ua hata moja halikutoka.

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, nilimweleza ulivyonifundisha: kwamba hukatwa wakati huo, ungali umelala, kabla joto halijauamsha. Kesho yake akaniambia, “Marceline, unionyeshe. Lakini mwenye kukata ni miye.” Nikamwonyesha: aondoe kwanza yaliyokufa, halafu yanayosuguana, yanayobaki ayakate juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje, kwa mshazari, maji yasituame. Alikata polepole, akinitazama kila mara kama mtu anayeomba ruhusa. Matawi hakuyatupa. Aliyafunga kwa kamba, akayaegemeza nyuma ya nyumba. Siku ile tulikula sahani moja, jambo tulilokuwa tumeliacha. Nikamshukuru Mungu, nikadhani tumevuka.

Mwezi wa tisa ukachanua, yaya. Maua mekundu, mengi, hata majirani wakawa wanasimama barabarani kutazama. Mama Pitshou, jirani yetu, alimsifu sana Jean-Claude. Yeye akaingia ndani.

Nimezunguka mno, acha niseme. Jean-Claude ameondoka. Hatukugombana. Alikaa kitini mbele ya maua asubuhi nzima, kisha akasema, “Inachanua sawa vile mutoto hakukuwaka,” kana kwamba Elikia hakuwahi kuwepo. Akafunga mfuko wake, aende Kambove kwa kaka yake. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alinishika mkono muda mrefu, akasema hana kinyongo nami, ila mlango ule hawezi kuupita tena.

Njoo, yaya. Usije kutupatanisha, wala usimwite mchungaji. Njoo tu tulale pamoja, maana kila jioni nasonga bukari ya watu watatu, na sijui kuipunguza.

Msalimie shemeji Firmin, uwabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Marceline