Kwa Mwalimu Kasiva wa Mountain View: "Masila, Umeelewa?"

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu utuage pale hospitalini ukilalamika kwamba chai yao haina majani. Tulicheka, tukadhani kesho yake tutakuletea ya nyumbani. Hatukuwahi kukuletea. Tulikulaza Kathiani karibu na mama yako, kama ulivyotaka, kisha tukarudi Nairobi kwenye nyumba tusiyoijua tena.

Kwa watu wengine ulikuwa Daktari Rachael Kasiva, mhadhiri wa sosholojia, msimamizi wa tasnifu za wanafunzi wa uzamili. Kwetu ulikuwa Mama tu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyevua viatu chini ya meza kisha akavitafuta kwa vidole vya miguu wageni wakisimama kuaga. Kwa Baba ulikuwa Kasiva. Habari zake ndizo hasa tunazotaka kukupa leo, maana sisi watoto tuna kazi na pilkapilka za kutusahaulisha kidogo. Yeye ana nyumba.

Ambaye hakuwahi kufika kwako Jumamosi hawezi kujua ilivyokuwa. Chuoni ulikuwa na foleni mlangoni na simu isiyonyamaza, kwa hiyo uliwaambia wanafunzi wako waje Mountain View baada ya chakula cha mchana. Halafu wakija unawalisha hata hivyo. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, siku zote muthokoi. "Mwenye njaa hana hoja," ulisema, ukimwongeza mtu aliyekwisha kuapa kwamba ameshiba. Na mlangoni uliwapokea kwa msemo uleule: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulidhani ni maneno ya adabu.

Mwanafunzi alisoma sura yake kwa sauti, kwa Kiingereza kirefu cha chuo, nawe umefumba macho kama uliyesinzia. Ole wake aliyedhani umesinzia. Akifika mwisho ulimwambia, "Haya, funga hiyo mashine. Sasa mwambie Masila."

Masila ni Baba. Alikuwa jikoni, mahali pake, kwenye kile kiti cha mbao karibu na jiko, mlango ukiwa wazi nusu. Ujana wake wote aliumalizia wizarani kwenye mambo ya mabomba ya maji. Ya sosholojia hakuyajua, wala hakujifanya anayajua. Ilibidi mwanafunzi amweleze kwa Kiswahili cha kawaida alichokwenda kutafuta, alichokikuta, na kwa nini mtu yeyote ajali. Kisha wewe ukaita, "Masila, umeelewa?"

Baba hajui kudanganya, umemjua tangu zamani. "Nimeelewa mpaka pale kwa wale kina mama," alijibu kutoka jikoni. "Baada ya hapo nimepotea." Na mwanafunzi, hata awe bosi mwenye gari na dereva, alirudi kwake kuandika upya.

Clifford Obuya alirudishwa hivyo hadi machozi yakamtoka. Alikuwa akiandika juu ya wauza viatu wa Ngara, kurasa na kurasa, na Baba hakuona kiatu hata kimoja humo.

"Umewahi kukaa na hao watu?" ulimuuliza.

"Si kukaa, Daktari. Nilikuwa na-observe, nikiwa ng'ambo ya barabara."

"Wanauza viatu, Clifford, au ni simba?"

Tulicheka mpaka Baba akaja na chupa ya chai kumwokoa. Ulimtuma Ngara akakalie kreti, apige viatu rangi, aitwe "wewe kijana" na wateja. Leo naye ni mhadhiri kule magharibi, na tunasikia huwafungia wanafunzi wake kompyuta.

Kalamu nyekundu hukutumia. Ulisema nyekundu ni ya bucha. Uliandika kwa penseli, pembeni, maandishi madogo ya kubembeleza, na mara nyingine uliandika neno moja tu, "Pole," mahali ambapo ulijua mtu alitaabika. Kuna waliokuja kwako wakiwa wameshakata tamaa, kazi imewachosha, ndoa inayumba, mwaka wa tano na tasnifu bado. Hukuwaambia wajikaze. Ulisema, "Hebu nisomee aya moja tu."

Sasa Mama, tukuambie ukweli. Ulipoondoka, Jumamosi ziliondoka nawe.

Baba anapika chai kwenye sufuria kubwa. Tulimwonyesha ndogo, akaitikia, Jumamosi iliyofuata akashika kubwa tena. Anafuta meza ya sebuleni, anaipangia vikombe, kisha anaingia jikoni anakaa kwenye kiti chake na mlango wazi nusu. Humo sebuleni hamna mtu. Yeye anasikiliza magari ya Waiyaki Way. Jioni anavirudisha vikombe kabatini vikiwa vikavu, na chai anaimwagia mche wako wa mparachichi, ambao kwa bahati unaipenda. Inauma kumtazama. Binti yako Mwendwa, aliyehamia hapo kumtunza, alijaribu kukaa pale mezani na kazi zake za ofisini, azisome kwa sauti. Baba alimwambia kwa upole, "Wacha tu, mama."

Kaka yake Nzuki naye alitaka kumchukua akaishi kwake Kitengela, kuna nafasi, kuna wajukuu. Baba akasema hapana, watu wakija watakuta nyumba imefungwa.

"Watu gani, Baba?"

Baba akaenda kuongeza maji kwenye sufuria. Nzuki hajamuuliza tena, lakini mwezi uliopita alianza kuzungumzia kuipangisha nyumba. Baba akamsikiliza. Hilo ndilo lililotutia hofu, kwamba safari hii hakukataa.

Wanafunzi wako walijaa Kathiani siku ya maziko, walibeba viti, waliimba. Baada ya hapo, kimya. Mwendwa alimsihi Baba ampigie simu hata mmoja wao. "Niwaambie nini?" alisema. "Wale walikuwa wageni wa Kasiva. Mimi nilikuwa mtu wa chai." Alisogea dirishani, akasema kama anayejisemea, "Yule msichana wa Kenyatta Market, sijui ile hadithi yake ilikwishaje."

Yule msichana ni Jacklyne Were, unayemjua, wa mwisho kukaa mezani pako. Tasnifu yake ilihusu wasusi wa pale Kenyatta Market na namna wanavyoleana watoto baina ya vibanda. Baba alisikia sura nne. Alijua watoto wote kwa majina, alijua nani amegombana na nani. Sura ya tano hakuisikia, kwa sababu ulilazwa.

Mwendwa alikwenda Kenyatta Market kusukwa kwa ajili ya ibada yako ya mwaka. Ameinamisha kichwa, msusi anamvuta nywele, akasikia sauti anayoijua inaomba maji ya kunywa kibanda cha pili.

"Jacklyne? Ni wewe?"

"Woi! Mwendwa! Sasa?"

"Poa. Mbona mlitutoroka hivyo?"

"Hatukutoroka, aki. Tuliambiana tusimsumbue Mzee. Mtu ako na majonzi, halafu wewe unamletea laptop kwa nyumba? Ni kukosa heshima."

"Yeye anasema nyinyi mlikuwa wageni wa Mama, hana haki ya kuwaita."

Jacklyne alishika mdomo. "Mwaka mzima? Ako tu hapo?"

"Kila Jumamosi. Na chai."

Ndivyo ilivyokuwa, Mama. Heshima iliwakalia huku, heshima ikamkalia kule, na kati yao vikombe vikavu. Hakuna aliyekosa adabu. Jacklyne akamweleza kwamba amepewa msimamizi mwingine, mtu mzuri, anasoma na kurudisha kwa barua pepe, lakini sura ya tano imekataa kuandikika. Muda aliopewa na chuo unakwisha mwezi huu. "Nikiandika najiona nimeandika," alisema. "Lakini sijui kama kuna mtu ameelewa."

Jumamosi, Nzuki naye akiwa amefika, Jacklyne aligonga mlango. Mwendwa hakuwa amemwambia Baba kitu, aliogopa asije akakataa. Baba alifungua, akamtazama Jacklyne na mkoba wake wa kompyuta, na midomo ikamcheza. Tulijua anautafuta ule msemo wako wa mlangoni. Haukutoka. Alisema tu, "Chai iko," akageuka upesi kuelekea jikoni.

Jacklyne alikaa kwenye kiti chake. Chako kilibaki wazi. Hakutoa kompyuta. Aliugeukia mlango ulio wazi nusu, akaanza.

Alisema, Baba, unamkumbuka Wangu, yule msusi wa kibanda cha pembeni, aliyekuwa akibeba mtoto wa kila mtu? Alifariki. Nilikuwa bado nafanya utafiti. Wenzake walikiacha kiti chake palepale, hakuna aliyekikalia. Wateja wake walikuwa wakifika, wanakiona kile kiti, wanarudi nyuma polepole waende zao. Basi wale wasusi walikuwa wanaacha kazi, wanatoka nje kuwafuata, wanawaita kwa majina. Njoo wewe mama nanii, hapa ni kwenu. Nikawauliza kwa nini, si ni wateja wa marehemu? Wakaniambia, mtu asipoitwa ataona amefukuzwa. Hapo ndipo sura yangu inaishia. Hapo ndipo niliposhindwa kuandika, Baba, kwa sababu Daktari alikuwa ameaga na mimi nilikuwa nimerudi nyuma polepole.

Akafika mwisho.

Hapo ndipo mahali pako, Mama. Ndipo ungefumbua macho uite. Tulingoja sote, hata sisi tunaojua umeondoka. Hatujawahi kukukosa kama tulivyokukosa muda ule, hata kaburini.

Mwishowe Jacklyne, kwa sauti ndogo, ndiye aliyeuliza. "Baba, umeelewa?"

Kiti cha jikoni kililia. Baba akatokea mlangoni na kikombe mkononi, macho yamelowa, hakujaribu kuyaficha. Alivuka, akaja mezani, mahali ambapo katika miaka yote ile hakuwahi kukaa mkisoma, akavuta kiti kilicho kando ya chako.

"Nimeelewa," alisema. "Yote." Akamsukumia Jacklyne kikombe. "Lakini hebu rudia, mama. Anza mwanzo."

Jacklyne ameipeleka tasnifu yake, na sasa anangoja siku ya kuitetea. Kwenye ukurasa wa shukrani umetajwa wewe, na kando yako yuko mtu wa chai. Jumamosi iliyopita alikuja na wenzake wawili ambao hata hukuwajua, mmoja anaandika juu ya walinzi wa usiku, na Baba akapotea katikati ya maelezo, akawaambia amepotea. Nzuki hazungumzii tena kupangisha. Hatutakudanganya kwamba Baba amepona. Jumapili hadi Ijumaa bado ni ndefu, na tunamsikia akiita jina lako akitafuta miwani. Ila sufuria kubwa sasa inakwisha, na mparachichi wako umerudi kwenye maji.

Unakumbukwa na mumeo Masila, watoto wako Nzuki na Mwendwa, mkamwana wako Syokimau, wajukuu zako, dada yako Mutindi wa Kathiani, na wale wote uliowafungia kompyuta na kuwaambia waseme. Ibada itakuwa nyumbani Mountain View, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Nanyi wanafunzi wake wote, mliodhani mtasumbua, tunawaita kwa majina. Njooni.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na Jumamosi zaidi.