Tumbawe la Baba Achieng

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri na kanisani sikwenda. Niliwaambia kichwa kinauma, lakini ukweli ni kwamba sikutaka mtu mwingine anishike mkono na kuniambia nijikaze.

Leo ni wiki ya saba tangu tumzike mume wangu, Baba Achieng.

Sebuleni liko tangi lake la kioo, na ndani yake tumbawe laini alilolileta kwa ndoo kwenye treni alipohamishwa kazi kutoka Mombasa. Ni mnyama wa baharini, ingawa mama mkwe wangu mpaka leo analiita uyoga. Likiwa na afya hunyoosha vidole vidogo vidogo kila mahali. Nilikuwa nikimtania mume wangu kwamba ameoa mke wa pili bila kutoa hata ng'ombe mmoja. Alizoea kutia mkono majini, azungushe kitufe cha pampu kidogo, atulie, azungushe tena. Hakuniambia anatafuta nini, nami sikuuliza. Nilidhani tuna muda.

Siku ya kilio nyumba ilijaa watu, na mama mkwe akasikia pampu ikivuma.

"Hii mashine inalia nini kwa nyumba ya kilio? Zima!"

Redio ilikuwa imezimwa tayari. Pampu akaichomoa mwenyewe. Niligundua kesho yake jioni. Tumbawe lilikuwa limesinyaa, limelala upande kama kitambaa kilicholowa.

Nilimchukia. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema. Mama aliyempoteza mwanawe, nami nilimchukia kwa ajili ya waya wa umeme.

Kisha nikafanya kosa langu mwenyewe. Niliona kwamba kama limekosa maji yanayosogea, dawa ni kuliongezea kwa wingi. Nikafungulia pampu mpaka mwisho na kulilenga moja kwa moja. Likapinda, vidole havikutoka. Nikapunguza sana, uchafu ukalitanda. Nikaongeza tena. Wiki sita nimeongeza na kupunguza, na kila asubuhi nalikuta limejikunja vilevile. Ukiwatoa watoto, ndicho kitu pekee alichokiacha kikiwa hai, na mimi nilikuwa nakiua kwa mikono yangu.

Juzi mama mkwe alikuwa akimwogesha kitinda mimba wetu. Hamwagii mtoto maji usoni. Anayamwaga kwenye kiganja chake mwenyewe, yanagonga pale, ndipo yanamteremkia mtoto taratibu. Nilisimama na taulo mkononi nikimtazama. Nikaenda sebuleni na kuigeuza pampu ielekee kioo, ili maji yagonge huko kwanza, yarudi yakiwa yamepoa nguvu.

Leo kabla ya chakula cha mchana nimelikuta limefunguka.

Lote. Vidole vyote viko nje, vinayumba polepole, vinatulia, vinayumba tena. Nilifurahi mpaka nikajisahau.

"Baba Achieng! Kuja uone! Kuja haraka!"

Hakuna aliyeitika.

Mama mkwe alitoka jikoni, mikono ina unga. Nilitaka ardhi inimeze. Nilingoja anikemee, aseme mjane haiti marehemu namna ile. Aliangalia tangi kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi.

"Nyar Kisian," akasema. Ndivyo anavyoniita, yaani binti wa Kisian, kwa kuwa nimezaliwa huko. "Usisikie aibu. Hata mimi jana niliwekea yeye chai."

Tulilia wote wawili, tumeshikana, mpaka ugali ukaungua jikoni.

Nimekikumbuka kikombe hicho sasa hivi, ninapoandika. Nilikikuta jana mezani, mahali alipokuwa akikaa, chai imepoa na kufanya utando juu. Niliimwaga nikinung'unika kwamba mama huyu anatumalizia maziwa.

Akiweka kingine kesho, sitakigusa.