Chaki kwenye koti la bwana harusi

We mzee, uko? Nimeumbuka leo, na usimwambie mkeo!

Si unamjua yule daktari wa mawazo niliyepelekwa kwake na binti yangu, tangu nianze kukaa kwenye cherehani kama gunia? Alisema wazo baya likija nisipigane nalo. Nilione, nilitie alama, niendelee na kazi.

Sasa fundi mkononi ana nini? Chaki! Likija "umekwisha wewe", mstari. Likija "funga duka ukafe", mstari. Kumbe nachora koti la bwana harusi! Koti jeusi, mzee! Mistari arobaini na moja mgongoni!

Mwenyewe kaja kulichukua. "Babu, hii nini?" Nikaropoka, "Mawazo yangu, mjukuu wangu." Mawazo yangu! Mbele ya mama mkwe wake!

Nikashika brashi, jasho linanitiririka. Yakatoka yote, koti jeusi vilevile. Miezi yote hii nadhani yameshonwa, kumbe chaki tu!

Kesho yatarudi, nayajua hayana haya. Ila nimenunua brashi mbili. Moja yako, njoo uichukue. Kimya chako cha siku hizi sikipendi.