Mashine Isiyojua Kusema Simjui

Kibiti,
14 Agosti 2005

Kwako dada yangu Mwajabu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako sasa linakuruhusu kuinama shambani huko Mbwara. Mimi mwili hauna shida. Anayekuletea bahasha hii nimemwambia akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Siku ya arobaini ya mama uliniuliza mbele ya wajomba kazi yangu hapa ni nini hasa, nami nikakujibu kwa mkato. Leo nitakueleza, maana bila hiyo hutaelewa mama alikufaje.

Mradi wa afya ulipoingia, kila zahanati ya deltani ilipewa kikompyuta cha kiganjani badala ya yale makabati ya kadi yaliyoliwa na mchwa. Wafadhili walitaka nesi aandike jina la mgonjwa, na papo hapo aone ni dawa gani inayomdhuru. Shida ni kwamba vifaa vyenyewe vina nafasi finyu, na watu walikuwa zaidi ya elfu sita. Mimi nikajifanya bingwa. Nikachukua kwenye intaneti maktaba ya programu, yaani kazi ambazo mafundi wengine wameshaziandika ili wenzao wazitumie. Unaipa orodha ya majina, nayo inakutengenezea kanuni ya kumpa kila mmoja namba yake. Hakuna wawili wenye namba moja, wala hakuna namba inayobaki bure, na kwenye namba hiyo ndipo inapowekwa habari ya dawa zinazomdhuru. Wafadhili wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Lakini kanuni ile ina ila moja, na maelezo yake yaliisema wazi. Niliyasoma kwa macho yangu. Haijui kusema simjui. Ukiipa jina ambalo halikuwamo kwenye orodha, haikatai. Inakupa namba vilevile, na namba hiyo ni ya mtu mwingine. Ili kuzuia hilo, unayahifadhi majina humo humo, mashine ilinganishe kwanza ndipo ijibu. Nesi Honorata, ambaye hakuwahi kusomea kompyuta hata siku moja, aliniuliza mbona kioo hakionyeshi jina la mgonjwa. Nilimjibu kwa dharau kwamba yeye ashughulike na sindano zake. Majina nilikwisha kuyafuta, kifaa kiwe chepesi na mimi nisifiwe.

Majirani walipomleta mama zahanati kwa Honorata, alikuwa anaweweseka kwa homa, hawezi kujieleza, na wao hawakujua kwamba salfa iliwahi kumbabua ngozi tulipokuwa wadogo. Honorata aliandika jina lake kama nilivyomfundisha. Mashine ikajibu kwamba mgonjwa huyu hadhuriki na dawa yoyote. Akampa vidonge vya malaria vya SP, ambavyo vina salfa. Yaliyofuata uliyaona ulipofika, na wewe ndiye uliyemwosha.

Ukasema Honorata ni muuaji, mtu wa bara asiye na uchungu na watu wa huku. Ukaniomba nikuandikie malalamiko, nami nikayaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ukatia sahihi. Humo niliandika kwamba nesi alipuuza mashine. Dada, hakuipuuza. Aliitii. Tangu asimamishwe kazi anauza maandazi stendi, na kila nilipopita alinisalimia na kunipa pole ya msiba. Naona aibu hadi nimebadilisha njia.

Bado sijafika penye uchungu wenyewe. Utauliza kwa nini mama hakuwamo kwenye orodha. Waandikishaji walipita Aprili, wakati watu wako madunguni, kwenye vile vibanda vya juu vya shambani, wanalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Wakakuta nyumba zimefungwa, wakaondoka. Shaabani, mhudumu wa afya wa kijiji, hakuridhika. Alipanda mtumbwi akazunguka dungu kwa dungu, akaniletea karatasi ya watu thelathini na wanne. Lakini kanuni ile haiongezwi jina. Ukitaka kumwingiza hata mtu mmoja, unaitengeneza upya yote, kisha unavizungukia vifaa vyote. Na wakaguzi walikuwa wanafika kesho yake. Nikaitia karatasi kwenye droo.

Niliisoma kwanza, dada. Jina la mama lilikuwa la tatu, na mbele yake Shaabani alikuwa ameandika: salfa inamdhuru sana. Nikajiambia mama haumwi ovyo, nitamwingiza baadaye.

Vifaa nimeshavikusanya vyote, maana wale thelathini na watatu waliobaki nao wangeugua siku moja. Jumatatu ya tarehe 22 kamati inakaa juu ya Honorata. Nitawapelekea karatasi hiyo na kuwaambia haya haya, lakini malalamiko yana sahihi yako. Andika barua ya kuyafuta, kwa mkono wako, wala usisubiri mimi nikuandikie. Kisha, ukiweza, njoo Kibiti umwombe radhi Honorata. Mimi nitakwenda kwake kwa miguu yangu.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu. Utakalowaambia juu yangu ni hiari yako. Msamaha sikuombi, maana ningekuwa wewe nisingeutoa. Ukifika kaburini kwa mama, msomee Yasini kwa niaba yako tu.

Ni mimi mdogo wako,
Ismaily