Nilimwita Mume Wangu Mwongo, Kumbe ni Mishipa ya Figo

Mpendwa Dada Mutheu, naomba unisaidie hata kama utanikaripia, kwa sababu nimechoka na sina tena mtu wa kumwambia. Mume wangu Anwar ni fundi wa nguo hapa Makina, na kwa miaka miwili presha yake imekataa kushuka, akaongezewa dawa hadi zikawa aina nne, na kila tukirudi kliniki mashine inaonyesha palepale, mimi nikaamua kwamba hamezi. Nikawa nampikia bila chumvi, nampa vidonge asubuhi halafu namwambia afungue mdomo nione, naye anafungua. Siku ya Iddi tukila kwa dada yake Mabrouka nikasema mbele ya watu wote, "Huyu anatupa dawa, anataka kuniacha mjane." Anwar akaweka kikombe chini. "Ruweida, wallahi nakunywa." Mimi nikacheka.

Mwezi uliopita tukapata daktari mpya, nikamwambia vilevile kwamba huyu hamezi, yeye akamsikiliza tumboni kwa muda mrefu, akatutuma kupiga picha, na majibu yakasema mishipa inayopeleka damu kwenye figo imekuwa myembamba, figo zinadhani damu ni kidogo, ndiyo zinapandisha presha. Akaniambia, "Mama, dawa anameza. Haziwezi peke yake." Sasa wanataka kumpitishia mpira mwembamba ndani ya mshipa waupanue, na Anwar amekataa. Hagombani, anashona tu. Anasema, "Niache, nimechoka kupimwa." Nimelia, nimembembeleza, nimemletea hadi sheikh. Nifanye nini?

Ruweida, Makina

*

Ruweida, pole. Kuuguza mtu miaka miwili bila kuona nafuu kunachosha, na hofu inaweza kumgeuza mke askari. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwomba Anwar msamaha, sijapaona. Umelia, umebembeleza, umeleta sheikh. Yaani umemwongezea watu wa kumsukuma! Aliposema amechoka kupimwa, nadhani alikuwa anakusema wewe.

Ulimwaibisha kwa Mabrouka, basi rudi hapohapo, waite walewale, useme ulikosea. Siku hiyo usitaje hospitali hata kidogo, maana ukiitaja ataona msamaha wako ni mtego. Ngoja kesho yake, umwambie daktari yuko tayari kumjibu maswali yake yeye mwenyewe. Mwili ni wake. Akikataa tena, amuulize daktari kuna njia gani nyingine. Dawa asiache hata siku moja. Na akiumwa kichwa vibaya, akiona ukungu au akikosa pumzi, usingoje mpatane, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Akikubali kwenda, mbebee mfuko wake na unyamaze. Daktari akiuliza kama anameza dawa, mwache Anwar ajibu.