Mochi Juu ya Meza ya Darubini

Sendai,
8 Januari

Dada Mitsuyo mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, wewe na Shemeji Eisaku na mwanenu, kipenzi chetu Chihaya. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu na baridi ya huko visiwani si kali sana. Je, kidonda cha kiwiko cha Chihaya kimefunga, au bado mnabadilisha bandeji asubuhi na jioni? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umejaa hasira, na sitaki kukuficha, maana jambo lenyewe ni lenu.

Seli za Chihaya zimekufa. Zote, zile za mwisho zilizotoka kwenye kipande cha ngozi alichokatwa begani.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba seli ya ngozi haikai tu. Inajishikiza na kuvuta. Kidonda hufunga kwa sababu maelfu ya seli huvuta kingo zake zikutane. Za Chihaya zinashika kwa ulegevu, ndiyo maana ngozi yake huchanika hata kwa mshono wa soksi. Hapa maabara tunaziweka juu ya jeli laini kama ile ya mwani uliyokuwa ukitupikia kiangazi, yenye chembe ndogo zinazong'aa. Seli ikivuta, chembe zinasogea, na darubini inapima zimesogea kiasi gani. Msogeo wenyewe ni mdogo mno, hata mtu akikohoa karibu vipimo vinaharibika. Kwa hiyo darubini hukaa juu ya meza nzito inayoelea juu ya mito ya hewa, isipate mtikisiko wowote.

Safari hii tulizitia dawa mpya. Na zilianza kuvuta, dada. Kidogo, lakini niliziona kwa macho yangu. Nikaziacha zipimwe sikukuu nzima, jengo likiwa tupu, na nikabandika karatasi: MEZA ISIGUSWE.

Sasa sikiliza alichofanya Profesa Hatanaka, mkuu wa maabara yetu. Siku ya usafi mkuu wa kufunga mwaka, mimi nimeshaondoka, alishika kitambaa yeye mwenyewe, akafuta kila kitu mpaka vitasa vya milango. Karatasi yangu akaibandua kwa sababu pembe zake zilikuwa zimejikunja, na mwaka mpya haupokelewi na karatasi chakavu. Kisha akatafuta pa kuweka mochi ya kuzishukuru mashine kwa kazi ya mwaka. Siku zote huiweka rafuni, lakini rafu aliyotoka kuifuta ilikuwa bado mbichi. Akaiweka mezani pangu, donge la mchele juu ya donge, na chungwa lake juu kabisa. Akainama kwa heshima, akaenda kwake kula sikukuu.

Meza ikaelemea upande mmoja. Chungwa likabingirika, likagonga kifuniko cha kisanduku kinachozipa seli joto, kikafunguka. Niliporudi nilikuta kisanduku kimepoa kabisa, seli zimejikunyata zimeachia jeli, na mochi imeota ukungu wa buluu. Nililia. Kisha nikapiga kelele mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza kuna nini.

"Mwalimu, hii meza inaelea! Si wewe uliyetufundisha?"

"Kanae, punguza sauti," alisema, macho chini. "Nilitaka mashine zianze mwaka vizuri."

Nagao, msaidizi wake, ambaye hata nyumba ikiungua atasema ni joto la msimu tu, akadakia: "Ndiyo hivyo tena, maji yakimwagika hayazoleki. Tuandike hitilafu ya mtambo, tuendelee na kazi."

"Mtambo ndio ulioweka mochi?"

"Ah, Kanae nawe! Unataka kumwaibisha mzee mwaka mpya huu?"

Aibu ya mzee wote waliiona. Bega la mtoto hakuna aliyelitaja.

Kesho yake Profesa akanijia na boksi la vitamutamu, limefungwa kwa karatasi ya duka la fahari, eti nikutumie. "Mwambie dada yako tunahitaji kipande kingine, kidogo tu. Wewe ni ndugu, atakuelewa."

Hapo damu ilinichemka kweli. Kidogo tu! Kidonda cha hicho kidogo kilikuwa wazi miezi mitatu, tangu maua ya cheri mpaka mvua zikaisha, na nilimwona mwenyewe Chihaya akilala ameketi. Nilimrudishia boksi lake mikononi. "Nenda mwenyewe, Mwalimu. Mwambie mtoto kwa mdomo wako ulichofanya." Nagao akaninong'oneza kwamba mkono mtupu haulambwi, nipokee tu yaishe. Nilimwambia ajilambe mwenyewe.

Profesa amekubali. Atafika kwenu Jumamosi kwa meli ya mchana. Si mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi, maana mbaya ningemchukia nikapumzika. Atapiga magoti na kuomba radhi vizuri sana. Msimwache aishie kwako na shemeji, watu wazima mkiinamiana mpaka mambo yakaisha huku mtoto anasikilizia nyuma ya mlango. Mketisheni Chihaya mbele yake. Ngozi ni yake, na jibu liwe lake.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie na Shangazi Fusako. Soksi zisizo na mshono alizomfumia Chihaya nimeziona kwenye picha, ni nzuri sana. Wazee wetu waliotangulia wawalinde nyote, na kiwiko kifunge kabla ya baridi kuisha.

Mimi sitawaomba kitu. Nikiomba mtakubali kwa kuwa ni mimi. Na kinachonikera kuliko mochi, kuliko Nagao, ni kwamba hicho kipande nakitaka. Niliziona zikivuta, dada. Kwa hiyo Chihaya akisema hapana, usinipigie simu kuniuliza naonaje. Funga mlango, hata kama anayebisha ni mimi.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa amenuna,
Kanae